Nani Yuko Nyuma ya Jokić?

Jumapili ya Mei 18, 2025, saa nne na nusu usiku, tulikuwa tumebanana kwenye saluni moja ya kiume pale Sinza. Mechi ya saba, Oklahoma City Thunder na Denver Nuggets, nusu fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kwetu Dar mechi ya saa hiyo ni zawadi, kwa sababu nyingi huanza saa tisa usiku na kuendelea. Kinyozi alikuwa amezima mashine na viti vyote vimegeuzwa kuelekea runinga. Kuna mteja alikaa na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, hataki kumaliziwa mpaka mapumziko.

Ndipo tukamwona Alex Caruso wa Oklahoma akimkaba Nikola Jokić, nyota wa Denver.

Caruso ana urefu wa mita 1.96. Jokić ana mita 2.11, na ule mwili wake kila mtu anaujua. Saluni nzima ikapiga kelele. Mmoja akasema kocha wa Oklahoma, Mark Daigneault, amechanganyikiwa, mfupi huyo ataliwa mpaka basi. Hakuliwa. Alijibana ubavuni mwa Jokić, mkono mmoja ameutanguliza kwenye njia ya pasi, nyonga imekaa kwenye paja la yule jitu. Akisukumwa anatoka, anarudi palepale. Akisukumwa tena, anarudi tena.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyecheza ligi ya mkoa enzi zake. Tunamwita Kocha, ingawa siku hizi hafundishi timu yoyote.

"Dogo," akaniambia bila kuondoa macho kwenye runinga, "huyo Caruso mwache. Niambie nani yuko nyuma ya Jokić."

Nyuma yake alisimama Chet Holmgren, mita 2.16, mguu mmoja kwa mtu wake na mwingine tayari umegeukia goli. Pasi ya juu ikipigwa kumvuka Caruso, inamkuta Holmgren. Pasi ikirudi nje, kuna mtu kashaanza kukimbia. Denver walimaliza robo ya kwanza wakiwa mbele, na mechi ikaisha wamepigwa 125 kwa 93.

Swali la Kocha sikuliacha saluni. Nimekaa nalo wiki kadhaa, nikarudia mechi za miaka miwili nikiangalia sehemu ambazo kamera haizipendi.

## Ubishi wa kila Aprili

Kila mwaka mtoano ukikaribia, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ubishi ni uleule: timu gani inakaba kuliko zote? Na kila mwaka kuna mtu anabandika jedwali.

Jedwali si baya. Linahesabu pointi ambazo timu inaruhusu kwa kila mashambulizi 100, na hilo ni jambo la haki. Ukihesabu kwa mechi, timu inayokimbia sana itaonekana inafungwa sana, wakati ukweli ni kwamba mpira umekwenda na kurudi mara nyingi zaidi. Kwa kipimo hicho Minnesota Timberwolves waliongoza ligi msimu wa 2023-24. Oklahoma wakaongoza msimu uliofuata.

Wote wawili namba moja. Mmoja akachukua ubingwa, mwingine akatolewa 4-1 kwenye fainali ya kanda.

Hapo ndipo jedwali linaponyamaza. Msimu wa kawaida una mechi 82, leo Charlotte, kesho Utah, na mpinzani hana muda wa kukuchunguza. Mtoano ni timu moja hadi mara saba. Makocha wanakaa na video usiku kucha wakitafuta kitu kimoja tu: kati ya wale watano, nani tukimfuata atavunjika?

## Usiku wa Gobert na Luka

Mei 24, 2024, Minneapolis, mechi ya pili ya fainali ile ya kanda, Minnesota na Dallas Mavericks. Kwetu ilikuwa tayari alfajiri ya Jumamosi. Minnesota walikuwa wameongoza hadi pointi 18 na zote zimeyeyuka, lakini bado wako mbele 108 kwa 106. Mpira anao Luka Dončić. Baada ya skrini, yaani mwenzake kusimama kumzibia mkabaji njia na wakabaji kubadilishana watu, aliyebaki naye ni Rudy Gobert, mita 2.16, Mchezaji Bora wa Ulinzi mara nne.

Wako mbali na goli, wawili tu.

Luka akadunda, akajifanya anaingia, akarudi hatua moja nyuma na kuachia. Pointi tatu. Dallas 109, Minnesota 108, zimebaki sekunde tatu.

Video ile imezunguka miaka sasa kama hukumu dhidi ya Gobert. Hukumu hiyo naikataa. Mtu wa urefu ule hakuwekwa duniani kumfuata Luka kwenye mstari wa pointi tatu, na Minnesota walilijua hilo tangu mwanzo. Mfumo wao wote ulijengwa kinyume chake: Jaden McDaniels na Anthony Edwards wanambana mwenye mpira huko nje, wanamsukuma aingie ndani, na ndani anamkuta Gobert. Msimu mzima njia ile ilifanya kazi. Dallas walichofanya ni kukataa kuingia mlangoni walikoandaliwa. Wakamvuta mwenye nyumba aje barazani.

Simamisha video sekunde moja kabla ya mtupo, uwaangalie wale wanne wengine wa Minnesota. Kila mmoja yuko na mtu wake, anaogopa pasi ya kona. Hakuna aliye nyuma ya Luka, kwa sababu kwa kawaida anayekuwa nyuma ndiye huyohuyo Gobert.

Hilo ndilo jibu la swali la Kocha kwa Minnesota, na lilinikosesha raha, kwa sababu lilikuwa jepesi mno. Nikakumbuka mechi nyingine.

## Usiku ambao mrefu hakuwepo

Mei 6, 2024, wiki kama mbili na nusu kabla ya mtupo ule wa Luka, Minnesota walikuwa ugenini Denver kwa mechi ya pili. Gobert hakucheza, mtoto wake alikuwa amezaliwa. Kwa mantiki ya jedwali, timu imeondolewa nguzo na inakwenda kumkabili Jokić, ambaye siku zile zile alitangazwa mchezaji bora wa ligi.

Minnesota walishinda 106 kwa 80.

Denver, bingwa mtetezi, nyumbani kwake, pointi 80. Nimeirudia mechi ile zaidi ya nyingine yoyote. McDaniels na Nickeil Alexander-Walker walimganda Jamal Murray tangu mpira unapoingizwa, mpaka Murray, akiwa kwenye benchi, akatupa kifaa cha kupasha misuli ndani ya uwanja na baadaye kupigwa faini ya dola 100,000. Kila pasi ilikuwa na mkono juu yake. Kila aliyepitwa alikimbia kuchukua mtu mwingine bila kungoja kuambiwa.

Nikaanza kujiuliza: je, walikaba vile kwa sababu walijua nyuma hakuna mtu?

Nadhani ndiyo. Ukicheza na Gobert nyuma yako msimu mzima, mwili unazoea kuachia kidogo, si kwa uvivu, ni kwa imani. Ukipitwa, yupo. Siku hayupo, kila mtu anabeba mzigo wake na robo ya mzigo wa mwenzake. Lakini hakuna timu inayoweza kukimbia vile mechi zote saba mpaka Juni, na hilo ndilo linalofanya kulinganisha timu hizi kuwe kugumu. Usiku mmoja bora wa Minnesota unaweza kuwa bora kuliko wa Oklahoma. Sijui timu nyingine ya miaka hii iliyoikaba Denver ile, nyumbani kwake, kwa kiwango kile. Ila ulinzi wa mtoano unapimwa pale mpinzani amekwisha kukusoma, na wewe unalazimika kumtumia mtu mahali ambapo hakuzoea kukaa.

Ukisharidhika na kipimo hicho, orodha nzima inabadilika.

## Boston hawakuwa na mlango

Boston Celtics wa 2024 nawapitia haraka, kwa sababu kwao hakuna fumbo. Jrue Holiday, Derrick White, Jaylen Brown, Jayson Tatum, na nyuma yao Al Horford mwenye miaka 38 akiwa bado anaweza kusimama mbele ya mtu mwepesi. Mpinzani akipiga skrini wanabadilishana tu. Wanabadilishana tena. Mwisho wa sekunde 24 mshambuliaji anajikuta mbele ya mkabaji mwingine mzuri, saa imeisha, anarusha kwa kulazimishwa.

Kilichonivutia ni upande wa pili, jinsi walivyomfanyia Luka kilekile Luka alichomfanyia Gobert. Fainali ya ligi ya 2024, dhidi ya Dallas, walimwinda. Kila shambulizi walimwita kwenye skrini ili abaki na mtu mwepesi. Mechi ya tatu, kule Dallas, Mavericks walikuwa wametoka nyuma kwa pointi 21 na uwanja unatetemeka, halafu zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 12 Luka akatolewa kwa fauli sita. Boston wakamaliza 106 kwa 99, na mechi mbili baadaye wakawa mabingwa.

Mtu yuleyule aliyeuvunja ulinzi bora wa Magharibi ndiye aliyekuwa ufa wa ulinzi wa timu yake. Hakukuwa na wa kutosha nyuma yake.

## Waliokosa hata timu moja

Hapa kuna jambo ambalo sikulitafuta, limejitokeza lenyewe nikiwa napanga majina.

Alex Caruso hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2016, siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Luguentz Dort wa Oklahoma, aliyeingia kikosi cha kwanza cha ulinzi cha ligi msimu wa 2024-25, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2019. T.J. McConnell wa Indiana hakuchaguliwa 2015. Nikirudi nyuma hadi Detroit Pistons wa 2004, timu ambayo wazee wetu wa kikapu bado wanaiapia, nguzo yao Ben Wallace hakuchaguliwa 1996. Detroit wale chini ya Larry Brown waliwashikilia Los Angeles Lakers kwenye pointi 68 katika mechi ya tatu ya fainali, Lakers wa Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, wakashinda 4-1.

(Wanaotaka kulinganisha Detroit wale na timu za leo wakumbuke kwamba msimu uliofuata ligi ilikaza sheria dhidi ya mkabaji kumwekea mkono mwenye mpira huko nje. Mkono wa Detroit leo ungekuwa fauli. Ndiyo maana siwaweki kwenye orodha moja.)

Drafti inaona urefu, inaona kuruka, inaona pointi. Kumwona mtu ambaye akiwepo uwanjani wenzake wanne wanakaba vizuri zaidi ni kazi nyingine kabisa.

Na sisi Dar tunalo la kusema kwenye hili, kwa sababu tuna mwana wetu upande wa pili wa hesabu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa jiji hili, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kilichompeleka pale ni ulinzi. Chuo cha Connecticut alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa kanda yake mara mbili, na timu nzima ilipangwa kumzunguka yeye chini ya goli. Alikwenda Memphis, baadaye akavaa hata jezi ya Oklahoma City. Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na heshima hiyo haina wa kuifuta.

Lakini angalia alivyoingia. Aliingia ligi wakati mchezo unaanza kuhamia nje. Miaka michache baadaye huyohuyo Curry aliyechaguliwa wa saba akaulazimisha ulimwengu mzima kukaba mita nane kutoka kwenye goli. Warefu wa aina ya Thabeet, wenye kazi ya kulinda pete, wakaanza kuvutwa barazani kama Gobert. Nikisikia watu wanamsema vibaya kijiweni huwa naumia, kwa sababu wanahukumu mtu mmoja kwa mabadiliko yaliyoikuta ligi nzima.

Viwanja vyetu bado havijauacha mchezo ule wa zamani. Nenda JMK Park jioni yoyote, kijana mrefu akitokea tu anapelekwa chini ya goli, "wewe kaa hapa". Hakuna anayemfundisha kutembea na miguu yake mpaka nje na kurudi.

Jumamosi moja mwezi Juni nilikwenda Donbosco Upanga kuangalia mechi, nikakaa nyuma ya goli makusudi. Kutoka pale mpira huuoni vizuri ila migongo ya wakabaji unaiona yote. Kulikuwa na gadi mmoja mfupi, mwembamba, aliyekuwa hanyamazi. "Skrini kushoto! Nipo, nipo! Toka, mimi nimebaki!" Kidole chake kilikuwa kinamwonyesha mrefu wao pa kwenda kabla mpira haujafika. Takwimu za siku ile hazitamwandika popote, maana hakupora mpira hata mmoja nilipokuwa nikimtazama. Lakini mrefu wao alionekana hodari jioni nzima, na uhodari ule nusu yake ulikuwa wa yule mfupi.

## Asubuhi ya Haliburton

Kisha kuna Indiana Pacers, ambao waliniharibia hesabu zote.

Msimu wa 2024-25 jedwali liliwaweka katikati ya ligi kwa ulinzi. Hakuna aliyewataja kwenye grupu. Fainali, mechi ya kwanza, ilipofika mwisho kwetu ilikuwa kama saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa, Juni 6, daladala zinapiga honi nje na mimi bado nimeshika simu. Oklahoma walikuwa wamewapora na kuwabana mpaka Indiana wakapoteza mpira mara 25, mara 19 kabla ya mapumziko. Kwa kipimo chochote cha ulinzi unachokijua, Indiana walipaswa kwenda mapumziko wamekufa.

Walikwenda wamepitwa pointi 12.

Baadaye wakatoka nyuma kwa pointi 15 robo ya nne, Tyrese Haliburton akafunga zikiwa zimebaki sehemu tatu za kumi za sekunde moja, Cason Wallace wa Oklahoma akiwa amemsimamia mbele, 111 kwa 110. Ilikuwa mara ya kwanza Indiana kuongoza usiku ule.

Wengi waliandika habari ya mtupo. Mimi nilirudi kwenye zile mara 19. Oklahoma walipora lakini hawakuvuna, na sababu ilikuwa miguu ya Indiana. Kila mpira ulipopotea, watu watatu wa njano waligeuka papo hapo na kukimbia kulinda goli lao, hakuna aliyesimama kumlalamikia mwamuzi. Huo nao ni ulinzi wa timu, tena ule ambao hakuna jina la mtu la kuubandikia.

Halafu wao wenyewe walikaba uwanja mzima, kama kwenye soka tunavyosema timu inakaba kuanzia juu. Andrew Nembhard alimfuata Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Oklahoma, tangu mpira unaingizwa, usiku baada ya usiku. McConnell, ambaye akiwa amesimama kati ya wenzake unaweza kudhani ni mtu wa kugawa maji, alipora mipira mitano mechi ya tatu akitokea benchi, mingine Oklahoma wakiwa ndiyo kwanza wanaiingiza uwanjani. Lengo halikuwa kupora tu. Lengo lilikuwa Shai avuke mstari wa katikati sekunde zimekwenda na mapafu yamechoka, jana, leo na keshokutwa.

Nilikuwa na shaka kwamba ninawapendelea kwa sababu ni wanyonge. Mechi ya saba iliniondolea shaka hiyo. Haliburton aliumia vibaya kano ya kisigino robo ya kwanza, akatolewa, na kila mtu akajua mashambulizi ya Indiana yamekwisha. Bado walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47. Ugenini, bila kiongozi wao, dhidi ya timu iliyoshinda mechi 68. Pointi 47 za Oklahoma katika nusu nzima ni kazi ya wakabaji.

Robo ya tatu ndiyo iliyoamua, na ndiyo inayonifanya niwaweke Oklahoma juu ya wote. Waliishinda robo ile 34 kwa 20. Ukiitazama, hakuna mchezaji mmoja wa kumpa sifa. Dort anambana mwenye mpira, Caruso amekwisha kusoma pasi ya pili, Wallace yuko njiani, Holmgren nyuma. Walikubali kuiacha kona wazi ili ndani kujae, na pasi ya kwenda kona ilipopigwa, mtu alikuwa tayari hewani. Ubingwa ukaja kwa 103 kwa 91.

Kwa hiyo orodha yangu ya miaka hii miwili ni hii: Oklahoma wa 2025, Boston wa 2024, Indiana wa 2025, Minnesota wa 2024. Najua wa tatu na wa nne watawasha moto kwenye grupu. Jedwali linawaweka Minnesota juu kabisa na Indiana katikati, na takwimu hizo ni za kweli. Ila Minnesota walipovutwa nje ya mazoea yao kwenye fainali ya kanda walitolewa kwa mechi tano. Indiana walitolewa kila kitu walichozoea, mpaka mpigaji wao mkuu wa pasi, na nusu saa baadaye walikuwa bado wanaongoza. Anayebisha aje na mechi tuirudie pamoja, dakika kwa dakika, na jedwali aliache nyumbani.